Innuendo ya Queen kwenye santuri mbili: mapitio ya mpiga fidla wa Unguja

Mashabiki wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza ya Freddie Mercury, Brian May, Roger Taylor na John Deacon, tuna ugomvi usiokwisha. Wako wanaoshikilia kwamba bendi ilifika kileleni mwaka 1975 na A Night at the Opera, na yaliyofuata ni mteremko mtupu. Wako wa Live Aid, lile tamasha la hisani, ambao kwao Queen ni zile dakika 20 na ushei za Wembley, Julai 1985. Na siku hizi wamejaa walioletwa na Bohemian Rhapsody, filamu ya 2018 kuhusu bendi, wenye nyimbo zao kumi wanazozijua kwa moyo na wasiohitaji nyingine. Mimi niko na Innuendo, ya Februari 1991, albamu ya mwisho kutoka wakati wote wanne wakiwa hai. Naitetea leo kwa sababu binamu yangu anayeishi Leicester ameniletea toleo la 2015 la santuri mbili, na hatimaye nimeisikia kwenye santuri nzima, bila kukatwa.

Nasema bila kukatwa kwa sababu santuri ya 1991 ilikatwa. Albamu hii ina zaidi ya dakika 50, na santuri moja haiwezi kubeba urefu huo bila hasara: mifereji inabanana, besi inapungua, sauti yote inashuka. Wakafupisha nyimbo kadhaa ili ziingie. Aliyeumia kuliko wote ni Bijou. Kwenye CD una dakika tatu na nusu. Kwenye santuri ukabakishiwa dakika moja na kidogo. Toleo hili jipya limegawa kazi ileile kwenye pande nne, na kila wimbo umerudishiwa urefu wake.

Wimbo uliobeba jina la albamu una dakika sita na nusu, na Wazungu wengi wakiuandika huanza kwa kuushangaa urefu. Sisi wa taarab dakika sita ndiyo kwanza watu wanaanza kuinuka kwenda kutunza. Kilichonishika mimi ni mahadhi. Ngoma za Roger Taylor zinaingia kwa mwendo mzito wa gwaride, hazikimbii popote, na juu yake gitaa na vinanda vinazunguka kwenye hijazi, makamu tunayoipiga sana kwenye taarab. Siku moja kabla ya mazoezi niliwapigia wenzangu wa kikundi wimbo huu bila kusema ni wa nani. Mpiga ganuni wetu, mzee asiye na habari na muziki wa roki, aliweka vidole kwenye nyuzi akawa anaufuata papo hapo. "Hijazi hii," akasema, "ila wamechanganya na mambo yao."

Mambo yao yenyewe ni hayo ya katikati. Wimbo unasimama, mlango unafunguliwa, linaingia gitaa la Kihispania. Anayelipiga ni Steve Howe wa bendi ya Yes. Alipita Montreux, Uswisi, kwenye studio ya Mountain walipokuwa wakirekodi, akaombwa apige. Akapiga mara kadhaa, wao wakachagua vipande na kuviunga. Kisha zinakuja sauti nyingi zilizopangwa juu kwa juu kama za opera, na baada yake Brian May anayachukua mahadhi yaleyale ya Kihispania na kuyarudia kwa gitaa la umeme, kwa nguvu zote. Kwenye spika zangu za zamani hapo ndipo toleo hili linapojilipa. Kwenye santuri ya 1991 gitaa la Howe lilikuwa linasikika kama limefunikwa kitambaa. Hapa nasikia kucha kwenye uzi.

Watu wa hapa kwetu nikiwaeleza habari ya hijazi hukimbilia kusema, "Si mnaona, Freddie ameitoa Unguja!" Sikubali. Wimbo huu ulianza May, Taylor na John Deacon wakicheza tu studio, Freddie akausikia akajiunga, na maneno sehemu kubwa ni ya Taylor. Freddie alizaliwa hapa, 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, akapelekwa skuli ya bweni India, na mwaka 1964 familia yake ikahamia Uingereza. Hilo linatutosha kumwita mzaliwa wetu bila kumtungia mengine. Linalonikera ni kwamba Shangani kuna makumbusho yake tangu 2019, wageni wanapiga picha mlangoni kutwa, jina lake linauza fulana na chakula, na bado kijana wa Mji Mkongwe anayejifunza kinanda hajawahi kukaa akaisikiliza albamu moja ya Queen toka mwanzo hadi mwisho. Urithi wa mwanamuziki ni muziki wake. Nyumba aliyoishi inakuja baadaye sana.

Turudi kwenye Bijou. May analo gitaa moja maarufu, alilotengeneza na baba yake walipokuwa nyumbani, mbao zake za shingo zikitoka kwenye fremu ya meko ya zamani. Katika wimbo huu gitaa hilo ndilo linaloimba beti. Freddie anaingia katikati, mistari michache, kisha anampisha. May anaivuta sauti, anaiacha itetemeke, anaiondoa kabla masikio hayajashiba. Mtu anayeshika upinde wa fidla anaijua kazi hiyo na anajua ugumu wake: kupiga taratibu ni kugumu kuliko kupiga mbio, maana kila kosa linakaa uchi. Ukiufupisha wimbo wa namna hii, umeuua. Ndiyo maana kwangu toleo la 2015 lilistahili kununuliwa hata kwa wimbo huu peke yake.

Kuna nyimbo dhaifu, na shabiki mwenzangu asinune. The Hitman ni makelele. I Can't Live with You ni wimbo mzuri uliovalishwa ngoma za mashine, na wao wenyewe waliurudia upya mwaka 1997 kwenye albamu ya Queen Rocks, ukatoka na nguvu zaidi. Headlong nauweka kwenye gari. Delilah, ambao mashabiki wengi wanaudharau, mimi naupenda: mtu anamwimbia paka wake, May analifanya gitaa lilie nyau, na sisi wa Mji Mkongwe tunaoishi na paka kila baraza hatuwezi kuona ajabu mtu kumpenda paka hivyo.

Na iko sauti. Wakati wa kurekodi, Freddie alikuwa anaumwa na wenzake walishajua. May amesimulia kwamba alipomletea The Show Must Go On alikuwa na wasiwasi kama zile sauti za juu zitafikika. Freddie akapiga funda la vodka, akaingia, akaimba. Nimeusikiliza kwa hedifoni nikitafuta mahali anapochoka. Sijapaona. Pale kiitikio kinapopanda mara ya mwisho anazidi kuibana kila silabi badala ya kuiachia. Wimbo wa Taylor, These Are the Days of Our Lives, ni kinyume chake: Freddie anaimba karibu na kipaza sauti, taratibu, kama anayezungumza na mtu mmoja. Video yake ilipigwa Mei 1991, ikatolewa kwa nyeusi na nyeupe, na ndiyo mara yake ya mwisho mbele ya kamera. Alifariki 24 Novemba, siku moja baada ya kutangaza kwamba ana UKIMWI. Alikuwa na miaka 45.

Kuhusu Queen ya sasa, May na Taylor wakiwa na mwimbaji Adam Lambert, nina neno moja tu. Lambert anaimba vizuri na hajifanyi Freddie. Ninayemkosa mimi ni Deacon, aliyeacha muziki mwaka 1997, kwa sababu besi yake ilikuwa inaacha nafasi, na nafasi ile haijazibwa na yeyote.

Sasa kununua. Santuri zimechongwa studio ya Abbey Road, London, kwa nusu mwendo, yaani mashine ya kuchonga ikienda nusu ya kasi yake, na zangu hazina mikwaruzo wala kuyumba. Jalada ni kubwa vya kutosha kuuona vizuri mchoro wa Grandville, Mfaransa wa karne ya 19, wa yule mtu anayerusha dunia mikononi kama mipira. Tatizo ni moja: unainuka mara tatu kugeuza, na albamu hii inapoteza kitu ikikatishwa. Anayetaka kuisikiliza mfululizo abaki na CD, haijapunguzwa chochote. Na ukiikuta santuri kuukuu sokoni, vuta uangalie ndani kabla ya kulipa: ikiwa moja tu, hiyo ni ile iliyofupishwa, usiilipie bei ya hii.