Huseni 456, Mariamu 76: uzoefu wangu na programu ya jematria

Miezi kadhaa iliyopita nililipia programu inayozipa herufi za Kiingereza namba na kujumlisha majina, na mwanzoni sikuwa na neno, kwani majibu yalikuja upesi. Jioni moja niliandika jina langu, Huseni, pamoja na la mke wangu, Mariamu. Langu likatoka 456, lake 76, na chini yake pakaandikwa kwamba majina haya hayapatani, huku mwenyewe ameketi kando yangu akisoma.

Sikulala hivihivi. Nilichukua kalamu na kuhesabu nyuma ya risiti ya umeme: M 13, A 1, R 18, I 9, A 1, M 13, U 21, jumla 76. Kisha langu: H 8, U 21, S 19, E 5, N 14, I 9. Nalo ni 76! Programu ilikuwa imempimia mke wangu kwa kanuni ya kawaida, A kuwa 1 hadi Z kuwa 26, na mimi kwa ile inayozidisha kila herufi mara sita, A kuwa 6 hadi Z kuwa 156, bila kunitamkia lolote. Huo ni muuza duka anayempimia mmoja kwa kilo na mwingine kwa ratili, kisha akadai mizigo haiko sawa.

Nilipowaandikia, mhudumu alinijibu kwamba namba hazikosei, anayekosea ni asiyezielewa. Hakuuliza hata nilikuwa nimehesabu nini. Mtu aliyelipa hajibiwi hivyo.

Nilikusudia kusema kwamba kosa ni la programu peke yake na hesabu yenyewe haina lawama, lakini kitambulisho changu kimeandikwa Hussein, na Hussein ni 95. Katika abjadi, yaani hesabu inayozipa namba herufi za Kiarabu, ambayo babu yangu aliijua kwa moyo, jina langu ni ha 8, sini 60, ya 10 na nuni 50, yaani 128, hata karani aliandike vipi kwa herufi za Kilatini. Hesabu ya Kiingereza inayumba kwa S moja tu, basi siwezi kumshauri mtu apime ndoa yake kwayo, sembuse kwa programu hii.

Hata hivyo, zile 76 mbili zilimfurahisha sana mke wangu, na risiti ile ameihifadhi ndani ya msahafu wake. Fedha zangu bado hawajazirudisha.