Kiti cha mtoto kinachotazama nyuma: je, kinafaa katika magari yetu ya Lubumbashi?

Kiti ninachokitathmini hapa ni kile cha kumfungia mtoto mdogo ndani ya gari huku mgongo wake ukielekea kule gari linakokwenda na uso wake ukielekea nyuma. Kina lebo ya kanuni namba 129 ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya watoto vya magari, kimeidhinishwa kwa mtoto mwenye kimo cha sentimita 40 hadi 105 na uzito usiozidi kilo 18, na hufungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, bila kuhitaji vile vyuma vya kupachikia kiti viitwavyo ISOFIX, ambavyo baadhi ya magari ya zamani yanayotufikia hayana. Tulikinunua katika duka la vifaa vya watoto katikati ya mji kwa dola 190 baada ya kupatana, na binti yetu amekuwa akikitumia tangu alipokuwa na miezi saba. Sasa amepita miaka miwili na bado anatazama nyuma. Nitasema mapema kwamba kiti chenyewe ni kizuri na kinastahili bei yake, lakini faida yake yote inategemea kama kinakaa sawasawa katika gari lako wewe, na hilo ndilo jambo ambalo wauzaji wetu hawaligusi kabisa.

Wazazi wengi huniuliza kwa nini mtoto ageuzwe mgongo. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, wakati kwa mtu mzima ni kama sehemu moja tu kati ya nane, na shingo inayokibeba kichwa hicho kizito bado ina sehemu za gegedu ambazo hazijakomaa kuwa mfupa. Gari linapogonga kwa mbele husimama ghafla, lakini vyote vilivyomo ndani yake huendelea na mwendo. Mtoto anayetazama mbele huzuiwa mabega na mikanda, kichwa chake kikarushwa mbele, na mzigo wote ukaiangukia shingo. Anayetazama nyuma husukumwa ndani ya gamba la kiti, ambalo hupokea kichwa, shingo na mgongo kwa wakati mmoja, hivyo nguvu ile husambaa katika mwili wote badala ya kukusanyika mahali padogo. Wazo hili lilitoka kwa Bertil Aldman, mtafiti wa Sweden, aliyevutiwa na jinsi wanaanga wa vyombo vya Gemini vya Marekani walivyolazwa chali ili migongo yao ipokee msukumo wa roketi. Kiti cha mfano kilijaribiwa katika gari la Volvo mwaka 1964, na mwaka 1972 Volvo ikaanza kuuza viti vya namna hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba vifaa vya kumfungia mtoto ndani ya gari vinaweza kupunguza vifo vya watoto wachanga kwa asilimia 71.

Najua kwamba katika mji wetu mama wengi humpakata mtoto, tena mara nyingi katika kiti cha mbele, wakiamini kuwa hakuna mahali salama kuliko mikononi mwao. Upendo huo siudharau hata kidogo, ila mikono ya binadamu haina nguvu hiyo. Majaribio ya viti hivi hufanywa kwa mgongano wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao hata taksi za mjini huufikia, na katika mgongano wa namna hiyo mtoto wa kilo 10 huvutwa mbele kwa nguvu inayozidi mara ishirini uzito wake. Katika barabara ya Likasi au ya Kasumbalesa, ambako tunapishana na malori ya shaba mchana na usiku, mwendo huwa mkubwa kuliko huo.

Sasa nije kwenye jambo lililotusumbua zaidi, nalo ni nafasi. Magari mengi ya hapa Lubumbashi yana usukani upande wa kulia, ingawa nchi yetu huendesha upande wa kulia wa barabara. Ushauri wa kawaida ni kumweka mtoto upande wa ukingo wa barabara, ili umtoe gari likiwa limesimama bila wewe kujipanga kati ya magari yanayopita. Kwetu upande huo ni wa kulia, na upande wa kulia ndiko aliko dereva. Kiti kinachotazama nyuma huhitaji kulala kidogo, hasa kwa mtoto mchanga ambaye kichwa chake hakipaswi kuangukia kifuani na kumziba pumzi, na kwa sababu hiyo hula nafasi kubwa kutoka mbele hadi nyuma. Mume wangu ni mrefu. Katika Toyota yetu ndogo, kiti kikifungwa nyuma yake, magoti yake yalikaribia kugusa usukani, na dereva aliyebanwa hivyo ni hatari nyingine. Katikati ya kiti cha nyuma pangetufaa, kwa kuwa pako mbali na milango yote miwili, lakini mkanda wa hapo katika gari letu ni ule wa kiunoni tu, na kiti hiki kinadai mkanda unaopita kiunoni na begani. Tumekifunga upande wa kushoto, nyuma ya abiria, na binti yetu tunamtoa kwa kuingia kupitia mlango wa kulia. Ni kazi, hasa ukiwa umevaa kitenge na una mifuko ya soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, mkononi, lakini nimeizoea.

Pima pia urefu wa mkanda wa gari lako. Mkanda huo hupita juu ya miguu ya mtoto kisha ukazunguka nyuma ya gamba lote, na katika gari la shemeji yangu ulikuwa mfupi kiasi kwamba bizimu haikufika. Njia ya mkanda imeonyeshwa kwa alama za bluu pembeni mwa kiti, na kuna kipimo kidogo cha kuonyesha kama kimelala vya kutosha. Kifunge, kishike pale mkanda unapopita, kitikise: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Mara ya kwanza ilitubidi kukikandamiza kwa goti huku mkanda ukivutwa, na tangu wakati huo hakijalegea, hata baada ya mashimo ya barabara ya Kipushi wakati wa mvua.

Kuhusu kiti cha mbele ninaomba nisikilizwe vizuri. Kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Mfuko huo hufumuka kwa kasi ya kutisha na kuligonga gamba pale pale kilipo kichwa cha mtoto. Pigo hilo linaweza kumuua hata katika ajali ndogo ambayo watu wazima wangetoka bila jeraha. Kama gari lako halina namna ya kuuzima, mahali pa mtoto ni nyuma, hata akilia njia nzima.

Mikanda ya ndani ya kiti imenipendeza. Hurekebishwa kwa kuvuta ncha moja tu, na matundu yake hupanda kadiri mtoto anavyokua. Kwa mtoto anayetazama nyuma mikanda hutokea usawa wa mabega au chini yake kidogo, nayo ikazwe kama kitenge kinavyomshika mtoto mgongoni: hakimuumizi, lakini hakimwachii nafasi ya kuteleza. Ukiweza kuufinya mkanda begani ukapata kikunjo kati ya vidole vyako, bado umelegea. Mwezi wa sita na wa saba, wakati baridi ya asubuhi inapotulazimisha kuwavalisha watoto makoti mazito, mvue koti kwanza, umfunge, kisha umfunike blanketi juu ya mikanda. Koti nene hubonyea wakati wa mgongano, na nafasi inayobaki humruhusu mtoto kuchomoka.

Kasoro zipo. Kitambaa ni cheusi na kinashika joto, hivyo mwezi wa kumi gari likisimama juani mimi hugusa kwanza kile chuma cha bizimu kabla ya kumkalisha. Vumbi jekundu la kiangazi huingia katika bizimu hadi ikawa ngumu kufunguka, na kuivua ile nguo ya kiti ili ifuliwe kunachosha. Mikanda yenyewe haifuliwi kwa mashine wala kwa dawa kali, bali hupanguswa kwa maji na sabuni laini, kwa sababu dawa kali hudhoofisha nyuzi zake. Kitabu cha maelekezo kina Kifaransa, lakini kwa maandishi madogo mno.

Nkambo wa binti yetu, yaani mzazi wa mmoja wetu, alihofia miguu ya mtoto. Binti yetu sasa huikunja au huiegemeza kwenye mgongo wa kiti cha gari, na nkambo aliona kama mateso. Mtoto mwenyewe hajalalamika, na magoti yaliyokunjwa hayana hatari ambayo shingo iliyonyooshwa kwa ghafla inayo. Muuzaji naye aliniambia, “Mama, akifikisha mwaka mmoja tu, umgeuze mbele.” Kanuni namba 129 yenyewe inakataza kumgeuza kabla ya miezi 15, tena hicho ni kiwango cha chini kabisa. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, ambacho mwaka 2011 kilipendekeza miaka miwili, mwaka 2018 kiliacha kutaja umri na kushauri mtoto aendelee kutazama nyuma hadi afikie kikomo cha kimo au uzito cha kiti chake. Binti yetu ana sentimita 89 na kilo 12, kwa hiyo hatuna sababu ya kumgeuza sasa.

Kwa wale ambao dola 190 ni nyingi, na ni wengi, vipo viti vilivyotumika vinavyoletwa kutoka Ulaya na Dubai. Sivikatazi, lakini tafuta lebo yenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya kanuni. Namba 44 ni kanuni ya zamani. Umoja wa Ulaya uliacha kuruhusu viti vyake vipya viuzwe tangu mwezi wa tisa 2024, na ndiyo sababu vingi vinaweza kutufikia kwa bei nafuu. Kiti cha kanuni hiyo kilicho kizima ni bora mara nyingi kuliko mapaja. Ila kiti kilichowahi kuwa ndani ya gari lililopata ajali kimekwisha kazi yake, hata kama nyufa hazionekani, na plastiki iliyokaa juani miaka mingi huwa dhaifu. Kama muuzaji hawezi kukuambia kilikotoka, na tarehe ya kutengenezwa imefutika, kiache.

Na kabla ya kulipa, omba kitolewe dukani mkakifunge pamoja ndani ya gari lako, dereva wenu wa kawaida akiwa ameketi mahali pake. Duka tulilonunulia lilikubali bila kinyongo, na hatukutoa pesa hadi tulipojua kiti kitakaa upande gani. Likikataa, nenda duka jingine.