Jumamosi Sita na Ousmane Sembène: Tathmini ya Ukumbi Mdogo wa Filamu Jijini Nairobi

Kwa Jumamosi sita mfululizo nimepanda ngazi hadi ghorofa ya pili ya jengo kongwe lililo hatua chache kutoka Barabara ya Tom Mboya, ambako chama kidogo cha wapenzi wa filamu kimekodi ukumbi na kuonyesha kazi za Ousmane Sembène, mwelekezi wa Senegal aliyefariki Dakar mwaka 2007. Kiingilio ni shilingi 300, onyesho huanza saa tisa alasiri, na filamu ikiisha watazamaji hubaki wakazungumza kwa karibu saa nzima. Naandika tathmini hii kwa sababu huduma hiyo inastahili kujulikana na wengi zaidi, na pia kwa sababu ina kasoro moja ambayo, kwa mwelekezi huyu hasa, si ndogo.

Sembène alizaliwa Ziguinchor, kusini mwa Senegal, mwaka 1923, akiwa mwana wa mvuvi, na elimu yake ya darasani ilikatika mapema. Alifanya vibarua, akatumikia jeshi la kikoloni la Ufaransa katika Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa mpakuaji wa shehena katika bandari ya Marseille, ambako aliingia katika harakati za wafanyakazi na kuanza kuandika riwaya. Ile ya mwaka 1960, kuhusu mgomo wa wafanyakazi wa reli ya Dakar na Niger wa mwaka 1947 na 1948, ilimjengea jina kubwa. Hata hivyo, aliporudi Afrika alitambua kwamba watu aliowaandika hawangeweza kumsoma, kwa kuwa aliandika kwa Kifaransa na wengi wao hawakujua kusoma lugha yoyote. Ndipo, akikaribia umri wa miaka arobaini, alipokwenda Moscow kujifunza utengenezaji wa filamu chini ya Mark Donskoy. Ni watu wachache wenye jina katika fani moja ambao wangekubali kukaa tena kwenye dawati la mwanafunzi kwa sababu kama hiyo.

Jumamosi ya kwanza tulionyeshwa filamu mbili. Borom Sarret ya mwaka 1963, ambayo huhesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza kutengenezwa Afrika na Mwafrika mweusi, ni fupi, haifiki nusu saa, na inamfuata mwenye mkokoteni wa farasi siku nzima jijini Dakar. Anapokubali kumpeleka abiria katika mtaa wa matajiri ambako mikokoteni imepigwa marufuku, polisi anamnyang'anya mkokoteni, na nishani yake ya vita inapoanguka chini, polisi yule anaikanyaga. Ukumbi ulinyamaza kabisa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa, kwa maana wavuta mikokoteni wa Marikiti tunawaona kila siku.

Iliyofuata ilikuwa La Noire de... ya mwaka 1966, iliyotunukiwa Tuzo ya Jean Vigo nchini Ufaransa. Msichana aitwaye Diouana anatoka Dakar kwenda Antibes akidhani atalea watoto, kumbe anafanywa mpishi, mfuaji na mfagiaji asiyeruhusiwa kutoka, hadi anapojitoa uhai. Mwanamke mmoja aliyeketi mbele yangu alisema katika mazungumzo kwamba dada yake aliajiriwa katika nchi za Ghuba, na baada ya maneno hayo machache majadiliano yote yalibadilika. Jambo lililonikaa mimi ni sauti. Diouana haongei sana, lakini mawazo yake tunayasikia, na tunayasikia kwa Kifaransa, yakisomwa na mwimbaji wa Haiti, Toto Bissainthe. Msichana asiyejua kusoma anafikiri katika lugha ya waajiri wake. Sembène alikuwa bado hajatoka katika mtego uleule uliomfanya aweke kalamu kando.

Alitoka miaka miwili baadaye. Mandabi, ya mwaka 1968, ndiyo filamu yake ya kwanza kuzungumza Kiwolofu, na ndiyo ninayoiona kuwa kilele cha msimu huu. Mzee Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, anapokea hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara Paris. Zake ni 2,000 tu. 3,000 ni za mama wa kijana, na zilizobaki ni za kuwekwa akiba. Ili alipwe anahitaji kitambulisho, ili apate kitambulisho anahitaji cheti cha kuzaliwa, na ili apate cheti anahitaji kujua tarehe ambayo hakuna aliyewahi kuiandika. Wakati huohuo mtaa mzima umekwisha kusikia kwamba ana pesa, na majirani wanamiminika kukopa. Filamu hiyo ilipata tuzo maalumu ya waamuzi katika tamasha la Venice, lakini thamani yake kwangu iko katika mwendo wa yule mzee: kanzu pana, kichwa juu, heshima yote ya mwenye mji, akiingia ofisini na kutoka akiwa amepungua kidogo kila mara.

Hapa ndipo waandalizi walipofanya jambo la kupongezwa kwa dhati. Jumamosi ya kwanza nilikuwa nimemleta shangazi yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kununulia na kuuzia, na maandishi ya tafsiri chini ya skrini yalikuwa ya Kiingereza pekee; nusu ya filamu aliikosa. Nilipowaeleza, walimtafuta kijana mwenye sauti nzuri, wakampa kipaza sauti, naye akatusomea mazungumzo ya Mandabi kwa Kiswahili filamu ikiendelea, bila kuongeza vichekesho wala kuwafunika waigizaji. Nairobi ina mazoea ya miaka mingi ya wasimulizi wa muvi katika vibanda vya video vya mitaani, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Shangazi alicheka kabla yangu mara kadhaa. Sembène aliita sinema shule ya jioni, na alizoea kusafiri na filamu zake hadi vijijini na kubaki kujadiliana na watazamaji. Alasiri ile nilielewa alichokuwa akikitafuta.

Kwa bahati mbaya, huduma hiyo haikuendelea. Xala ya mwaka 1975, kuhusu mfanyabiashara anayeoa mke wa tatu na kujikuta hana nguvu za kiume, ilijitetea yenyewe kwa picha, kwa hiyo hasara haikuwa kubwa. Ceddo ya mwaka 1977 ilikuwa habari nyingine. Hii ni filamu ya hoja na mabishano, juu ya jamii inayokataa kulazimishwa kubadili dini katika zama za biashara ya watumwa, na ndani yake anayetaka kusema mbele ya mfalme hupitisha maneno yake kwa msemaji wa baraza. Sisi hatukuwa na msemaji. Maandishi meupe yalipotea katika mchanga mweupe, na mapazia mepesi ya ukumbi yaliruhusu jua la alasiri kuigonga skrini. Watu walianza kutoka. Ilinisikitisha, maana Senegal iliipiga marufuku filamu hiyo kwa hoja kwamba jina lake limeandikwa kwa d mbili badala ya moja, na mwaka huohuo hapa kwetu mchezo wa kuigiza wa Kigikuyu katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ ulizimwa, na mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Mazungumzo yaliyopaswa kuunganisha mambo hayo mawili hayakufanyika kwa kukosa watu.

Baada ya Ceddo, Sembène alikaa miaka kumi na moja kabla ya filamu ndefu iliyofuata. Maisha yake yote alikamilisha tisa tu. Camp de Thiaroye ya mwaka 1988, aliyoielekeza pamoja na Thierno Faty Sow kwa fedha za Senegal, Algeria na Tunisia, inasimulia jinsi askari Waafrika waliorejea kutoka vitani walivyodai malipo yao na kupigwa risasi na jeshi la Ufaransa lililowaajiri, tarehe 1 Desemba 1944. Nishani iliyokanyagwa katika Borom Sarret ilinijia akilini tena na tena. Wazee wetu wa Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza, waliorudi kutoka Burma wangeitambua kambi ile. Sauti siku hiyo ilikuwa safi na ukumbi ulijaa.

Jumamosi ya mwisho waandalizi walimrudisha msomaji wa Kiswahili, na Moolaadé ya mwaka 2004, iliyotuzwa Cannes katika kitengo cha Un Certain Regard, ikapata watazamaji iliyowastahili. Sembène alikuwa na umri wa miaka 81 alipoikamilisha. Collé, aliyeigizwa na Fatoumata Coulibaly, anafunga kamba ya rangi mlangoni pake kuwalinda wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa, na wanaume wa kijiji, kwa kuogopa maneno yanayoingia majumbani, wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma. Katika mazungumzo wanawake watatu wenye umri wa shangazi walisimama wakazungumza kwa Kiswahili kuhusu vijiji vyao, na kuhusu kinachofanyika usiku licha ya sheria yetu ya mwaka 2011. Sijawahi kusikia mjadala kama huo katika jumba lolote la sinema hapa jijini.

Kwa atakayetaka kwenda msimu ujao: fika mapema ukae safu za mbele, kwa sababu sakafu haina mteremko, na beba sweta, kwani mazungumzo huisha giza likiingia. Waandalizi nawaomba mapazia mazito, Guelwaar na Faat Kiné ambazo hazikuonyeshwa, na msomaji wa Kiswahili kuanzia siku ya kwanza hadi ya mwisho. Ceddo nayo irudiwe. Shangazi amekwisha kuniachia shilingi 300 zake.