Tahadhari: Jeki za "Tani 3" Zinazouzwa Nairobi kwa Stika ya Uongo

Tahadhari hii inawahusu wenye magari madogo jijini Nairobi, hasa wale ambao magari yao yaliwafikia kutoka bandarini bila jeki wala spana ya magurudumu na sasa wanatafuta za kununua. Kuna muuzaji katika eneo la Kirinyaga Road, ambalo wengi bado huliita Grogan, anayetangaza pia katika makundi ya WhatsApp ya wenye magari. Huuza jeki zilizochakaa baada ya kuzipaka rangi upya na kuzibandika stika inayodai kuwa zinainua tani 3. Hazina uwezo huo. Isitoshe, huwapa wanunuzi maelekezo ya kuinua gari yanayoharibu bodi, na wanaporudi kulalamika huwaelekeza kwa fundi wa bodi ambaye, kwa kadiri ninavyoona, ni mshirika wake.

Ninaendesha gereji ndogo kandokando ya Ngong Road, na mambo haya nimeyajua kupitia magari ya wateja. Mwaka huu yameletwa kwangu magari yenye madhara ya aina moja: mshono wa bati ulio chini ya milango umekunjwa ukalala, rangi imepasuka, na katika gari moja sakafu yenyewe imebonyea karibu na kiti cha dereva. Nilipowauliza wenyewe walikonunua jeki, maelezo yao yalifanana mno. Sitaji jina la duka kwa sababu limekwisha kubadilishwa, na namba ya simu vilevile, kwa hiyo mnunuzi atanufaika zaidi akizijua mbinu zenyewe.

Bei huwa chini sana ikilinganishwa na ya maduka ya spea, na hutolewa sababu ya kuvutia, kwamba ni mali iliyobaki ya gereji iliyofungwa. Mzigo huletwa kwa bodaboda. Malipo hutakiwa yatumwe kwa M-Pesa kwenye namba ya mtu binafsi, ingawa tangazo linazungumzia duka, na jina linalotokea kwenye simu halifanani na la duka hilo. Ukiomba risiti utaambiwa kwamba ujumbe wa M-Pesa unatosha. Ukifika mwenyewe dukani, ataiinua gari iliyoegeshwa hapo kwa muda mfupi, aishushe, kisha aseme, "Mkubwa, hii ni ya Japani, inainua hata Prado."

Onyesho hilo halithibitishi chochote. Toyota Fielder ina uzito wa takriban kilo 1,200, na unapoinua kona moja ili kubadilisha tairi, jeki haibebi uzito wote bali sehemu yake tu, labda kilo 300 au 400. Jeki ya tani 1 yenye stika ya tani 3 itaimudu kazi hiyo vizuri, na mnunuzi ataondoka akiwa ameridhika. Uongo hujitokeza siku anapomwazima shemeji yake mwenye Prado, gari lenye uzito wa takriban tani 2 hata kabla ya kupakiwa mzigo, au anapoingia chini ya gari akiamini kwamba kifaa alichonunua kina uwezo mara kadhaa ya kinachohitajika.

Mbinu ya pili ni ya mafuta. Jeki ya haidroliki, yaani inayoinua kwa msukumo wa mafuta, hutumia mafuta maalumu ya haidroliki. Nilifungua mbili kati ya hizo jeki, nikakuta moja imejazwa oili nyeusi ya injini iliyokwisha kutumika na nyingine imejazwa mafuta ya breki. Mafuta ya breki ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu sili za jeki hutengenezwa kwa mpira unaostahimili mafuta ya madini. Zikikutana na mafuta ya breki huvimba na kulainika, lakini si siku hiyo hiyo. Huchukua muda, na muda huo ndio unaomfaa muuzaji, maana dhamana anayotoa ni ya wiki moja. Jeki itapanda vizuri kwa majuma ya mwanzo, kisha itaanza kushuka polepole ikiwa na mzigo juu yake.

Yaliyo hapo juu mtu anaweza kuyaita ulaghai wa kawaida wa mjini. Kinachonikera zaidi ni ushauri unaoambatana na mauzo. Muuzaji huyu huwaambia wateja kwamba gari la Japani linaweza kuinuliwa popote chini ya ukingo wa milango mradi uweke kipande cha mpira, na kipande hicho hukiuza kwa bei ya ziada. Ni mpira uliokatwa kutoka tairi kuukuu, bapa, usio na mfereji wowote.

Magari mengi madogo, yakiwemo Vitz, Axio, Fielder, Demio na Note, hayana chesi (fremu ya chuma iliyo chini ya bodi) ya kujitegemea kama ya pikapu. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Chini ya milango pana mshono ambapo mabati hukutana na kuunganishwa, nao hushuka kama ukingo mwembamba. Sehemu nne tu za mshono huo ndizo zilizoimarishwa kwa ajili ya jeki: mbili nyuma kidogo ya magurudumu ya mbele, na mbili mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Katika magari mengi sehemu hizo zimewekewa alama ya mapengo mawili madogo kwenye ukingo, na jeki huingia katikati ya mapengo hayo. Ukihama kwa upana wa kiganja tu, juu ya jeki panabaki bati jepesi lisiloweza kubeba kona ya gari.

Hata ukiipata sehemu sahihi, umbo la kichwa cha jeki lina umuhimu wake katika jambo hili. Jeki ya mkasi inayokuja na gari ina mfereji kichwani. Ukingo wa mshono huingia ndani ya mfereji, na uzito hubebwa na bati zito lililo pande zote mbili za mshono. Jeki ya troli, ile ndefu yenye magurudumu, ina kichwa cha duara kilicho bapa, ambacho husukuma ncha ya mshono moja kwa moja mpaka ikunjwe. Jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima, ni mbaya zaidi, kwa kuwa kichwa chake ni kidogo na chenye meno. Mpira bapa wa tairi hausaidii, maana mshono huuchana na kuendelea kukunjwa. Unaohitajika ni mpira mgumu uliochongwa mfereji wenye kina cha kutosha, ili ncha ya mshono isiguse chochote. Mshono ukishakunjwa, rangi na gundi ya kuzuia maji hupasuka, maji ya mvua huingia, na kutu huanza ndani mahali usipopaona. Magari yaliyotumika sehemu zenye theluji kule Japani, ambako barabara humwagwa chumvi, huweza kuwa yamefika hapa na kutu tayari, na hayo yanahitaji uangalifu wa ziada.

Kitabu cha gari kinaonyesha yote haya, ila vitabu vingi vya magari yanayoagizwa vimeandikwa Kijapani. Kitafute hata hivyo, ufungue ukurasa wenye michoro ya jeki. Mishale ya michoro hiyo haihitaji lugha. Usiinue gari kwenye sampu ya oili (bakuli la oili lililo chini ya injini), kwenye giaboksi, wala kwenye ukingo wa plastiki. Mhimili wa nyuma wa magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele pia usiinuliwe katikati, isipokuwa kitabu kimeonyesha hivyo.

Kabla ya kulipa, kwangua pembe ya stika kwa ukucha na utazame kilicho chini yake. Uwezo wa jeki nyingi nzuri huandikwa pia kwenye chuma au kwenye kibati kilichopigiliwa. Itazame nguzo inayopanda: inapaswa kuwa chuma kisafi kinachong'aa, hivyo tone la rangi juu yake ni dalili kwamba jeki imepuliziwa rangi ikiwa kuukuu. Uvujaji wa mafuta kwenye shina la nguzo ni sababu tosha ya kuondoka. Fungua kizibo cha mafuta, uchovye kidole na uangalie rangi. Kisha omba jeki iinue gari lako mwenyewe, pima kwa kipande cha kijiti nafasi iliyopo kati ya tairi na ardhi, usubiri robo saa, kisha upime tena uone kama imepungua. Muuzaji mkweli atakupa kiti ukae. Huyu ninayemzungumzia atakwambia ana wateja wengine. Ikiwa jeki inauzwa kama mpya kutoka nje, itafute alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Gari likiwa la chini, fahamu pia kwamba jeki ya chupa kwa kawaida huhitaji nafasi ya sentimita 15 hadi 20 kabla ya kuanza kuinua, na tairi ikiwa na pancha nafasi hiyo huenda isiwepo.

Wale ambao tayari wamenunua wasiitumie jeki hiyo hata kwa kubadilisha tairi. Na kwa jeki yoyote ile, simamisha gari mahali tambarare na pagumu; pakiwa na murram laini tanguliza ubao mpana chini ya jeki. Vuta breki ya mkono, weka gia ya P au gia ya kwanza, na uweke kabari kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Kumbuka kwamba katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, kwa hiyo ukiinua nyuma, usalama wako unategemea kabari za mbele pamoja na gia. Legeza nati kabla ya kuinua, si baada ya gari kuning'inia.

Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, iwe ghali kiasi gani. Tumia stendi, yaani vigingi vya chuma vya kushikilia gari likiwa juu, nazo zichunguzwe kama jeki. Mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani iliwataka wateja warudishe zaidi ya stendi milioni 1 kwa sababu meno yake yangeweza kuachia ghafla, na mwaka huo huo baadhi ya zile zilizotolewa kama mbadala nazo zikarudishwa kwa kasoro ya uchomeleaji. Ikiwa hilo lilitokea kwa bidhaa mpya dukani, stendi ya bati jembamba iliyochomelewa kwa haraka haistahili kuaminiwa kushikilia gari juu ya kifua cha mtu.

Kuhusu fedha, sheria ya Kenya ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo, na jeki ya tani 1 iliyouzwa kama ya tani 3 hailingani. Malalamiko ya ubora yapelekeni KEBS, South C. Anayetaka kurudishiwa fedha, pamoja na gharama ya kurekebisha bodi, anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo iliyopo Milimani, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na haimlazimu mtu kuwa na wakili. Usitupe jeki wala kuing'oa stika. Hifadhi tangazo, mazungumzo ya WhatsApp, ujumbe wa M-Pesa wenye jina la aliyepokea, na picha za mshono uliokunjwa zilizopigwa kabla ya fundi yeyote kuugusa.