Chumvi ya pinki kila alfajiri: nimeijaribu wiki tatu, haya ndiyo niliyoyaona

Assalaam aleikum, hamjambo wapenzi. Leo sina blenda, sina simu mpya, sina pasi ya kuwajaribia. Mezani pana chupa ya maji ya chumvi, gilasi na kijiko cha chai, basi. Anayeshika simu ni mpwa wangu, na mkono unamtetemeka kidogo kwa sababu hajapata chai, kwa hivyo mtuvumilie. Sogea, baba. Karibu na dirisha. Hapo hapo.

Mnaziona hizo chenga za pinki pale chini? Zimekaa hivyo tangu nilipoijaza. Chumvi haina kasoro, ni maji yameshiba, hayawezi kubeba zaidi. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kinywaji hiki wanakiita sole, kitamke so-le, neno la Kijerumani la maji yaliyojaa chumvi. Unatia chumvi ya mawe ndani ya chupa, unamimina maji, unaacha usiku kucha. Asubuhi ukikuta chumvi nyingine bado imelala chini, tayari. Unachota kijiko kimoja cha chai, unakitia kwenye gilasi ya maji, unakunywa kabla hujala chochote. Kila siku ya Mungu.

Ahadi zake sasa! Nguvu, usingizi, ngozi, tumbo, hata hasira zinapungua. Mimi niliisikia kwa msusi wangu huku kichwa kimo mikononi mwake, na mtu akiwa amekushika nywele humbishii. Nikanunua.

Nikajipangia wiki tatu. Ya kwanza na chumvi, ya pili maji matupu, ya tatu na chumvi tena. Saa ile ile, baada ya sala ya alfajiri, gilasi ile ile, pale pale barazani kabla jua halijachoma na pikipiki hazijaanza kelele. Ningependa kumpa mtu anitilie bila mimi kujua ipi ina chumvi na ipi haina, lakini chumvi haifichiki, ulimi unaitambua kabla hujameza.

Tuanze na vyombo, maana hapa ndipo nilipoharibu. Nilitumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha bati, ile tuliyomaliza jemu. Siku ya tisa kifuniko kimeshika kutu ukingoni, na tone la rangi ya chai limeshuka ndani. Nikamwaga yote. Hii ya sasa ina kifuniko cha plastiki. Na bado, tazama hapa nje ya chupa... nimeipangusa juzi tu. Mnaona ule ukoko mweupe unaopanda hadi shingoni? Maji yanapanda na chumvi kidogo kidogo ukingoni, yanakauka, chumvi inabaki, yanapanda tena. Weka sahani chini ya chupa, la sivyo meza yako ya mbao utailaumu bure. Na ile iliyobaki kwenye mfuko, kwa hewa yetu hii ya pwani, inatoa jasho. Ifunge vizuri.

Haya, vipimo. Nusu lita ya maji inashiba kwa gramu 180 hivi za chumvi. Mimi nilitia 200, ndiyo maana unaona zilizobaki. Halafu nikafanya jambo ambalo wanaosifu hiki kinywaji sijawaona wakilifanya: nikachukua mililita 100 za maji yale, nikayachemsha polepole kwenye sufuria ndogo mpaka yakakauka, nikapima kilichobaki. Gramu 31 na kitu. Mama alipita akauliza, "Wapika nini?" Nikamwambia napika chumvi. Akaniangalia vile mama anavyomwangalia mtoto, akaenda zake.

Sasa fanya hesabu. Kijiko cha chai ni mililita tano. Kwa hivyo kila kijiko cha maji haya kina takriban gramu moja na nusu ya chumvi, imezidi kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifike gramu tano za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi kavu. Maana yake, kabla jua halijatoka, umeshamaliza karibu theluthi ya chumvi yako ya siku. Na bado hujagusa mbaazi za nazi. Hujala mkate. Hujamla papa mkavu, na papa wetu wa pwani mnamjua alivyo.

Mimi siku ya nne nilijifanya hodari, nikatia vijiko viwili kwenye maji kidogo. Tumbo tupu. Hata kikombe cha chai sikukimaliza. Wazee wetu walikuwa na haluli, ile chumvi ya kufungua tumbo, na waliijua kazi yake: inavuta maji kuyaleta kwenye utumbo. Chumvi nyingi kwa mpigo, tumbo likiwa tupu, inafanya mambo hayo hayo. Kuna watu wanaliita jambo hilo kusafisha sumu mwilini. Mimi naliita kukimbilia choo. Sikusafishika chochote, nililegea tu mpaka adhuhuri.

Nguvu je? Nitasema kweli. Wiki ya kwanza, ukiacha ile siku ya nne, nilijihisi vizuri. Asubuhi mwili mwepesi, kichwa kimetulia, nikasema basi msusi kashinda. Wiki ya pili, maji matupu na tone la ndimu, nikajihisi vizuri vile vile. Wiki ya tatu, vile vile, ila kiu ilinishika saa nne asubuhi. Kilichobadilika maishani mwangu ni kwamba zamani nilikuwa naamka na kukimbilia chai ya tangawizi, maji siyakumbuki mpaka mchana. Sasa ninakunywa gilasi nzima, nimekaa, simu iko ndani. Hiyo ni wiki tatu za mtu mmoja, si utafiti, lakini chumvi haikunionyesha kazi yake.

Tuje kwenye yale "madini 84", kwa sababu hayo ndiyo mtakayoambiwa dukani kwamba yamo ndani ya chumvi hii. Chumvi hii inachimbwa Pakistan, jimbo la Punjab, mgodi maarufu unaitwa Khewra. Rangi yake ni chuma, kutu ya chuma kwa lugha ya nyumbani. Takriban asilimia 98 ni chumvi ile ile unayoijua, sodiamu na klorini. Asilimia mbili zinazobaki ndizo zinagawana kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, chuma na wenzao wote. Katika kijiko chako cha asubuhi, asilimia mbili ni kama miligramu 30, kwa wote kwa pamoja. Ndizi moja ya wastani ina potasiamu peke yake miligramu 400. Dafu moja pale sokoni lina potasiamu ya kutosha kukidhalilisha kijiko hicho, na unapata nyama ya kukwangua juu yake. Halafu ukisikia hesabu ya madini 84, uliza yapi na kiasi gani. Risasi, yaani ledi, nayo ni madini, na ni sumu.

Jambo lililonichekesha, na nililifikiria sana nikiwa barazani: chumvi ya Khewra ni chumvi ya bahari. Bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, ikafunikwa, ikawa mwamba. Na mimi niko Malindi! Ukipanda matatu ya Lamu, ukivuka daraja la Sabaki ukafika Gongoni na Marereni, upande wa kulia unaona vilima vyeupe vinang'aa, mgeni anadhani ni mchanga. Ni chumvi. Maji ya bahari yanaingizwa kwenye mabwawa, yanahamishwa kutoka bwawa hadi bwawa, jua na upepo wa kaskazi vinayakausha. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi. Yakizidi kukolea, madini ya jasi yanatulia chini kabla ya chumvi, kisha chumvi yenyewe, na yale maji ya mwisho yanayobaki ni machungu kwa magnesiamu, hayo yanamwagwa. Watu wa kule wana malalamiko yao ya siku nyingi kuhusu ardhi na visima, na hiyo ni video yake peke yake. Nilichotaka kusema ni kwamba tunalipia chumvi ivuke bahari kuja kwa watu wanaolala wakisikia mawimbi. Kwa bei ya mfuko huu ningenunua pakiti za kawaida kadhaa na chenji ningerudi nayo.

Na hiyo pakiti ya kawaida ina kitu ambacho huu mfuko hauna. Geuza, baba, waonyeshe nyuma. Mnaona neno iodini? Halipo. Hapa Kenya sheria inataka chumvi ya mezani itiwe iodini, kwa sababu ukiikosa unaota rovu shingoni, na mama mjamzito akiikosa sana ubongo wa mtoto tumboni ndio unaoumia. Ukihama kabisa ukawa unapikia ya pinki tu, wewe na nyumba nzima, iodini mtaitoa wapi? Kwa samaki, sawa, mtapata kidogo. Lakini usimwachie mjamzito akategemea bahati.

Sasa hapa nataka mnisikilize vizuri. Mama yangu ana presha. Anameza dawa kila asubuhi, mwaka wa sita huu. Siku ya kumi na mbili nikamkuta jikoni na kijiko mkononi, ameshafungua chupa yangu. Namuuliza, mama, hiyo ni chumvi. Ananiambia, "Lakini hii si ile nyeupe, jirani kasema hii yashusha presha." Jamani. Figo hazina macho ya kuona rangi. Sodiamu ni sodiamu, ikizidi mwili unashikilia maji, na msukumo wa damu unapanda. Mama amekula chumvi nyingi kwa maana ya umri, Mungu ampe nyingi zaidi, lakini ya kijiko hapana. Mwenye presha, mwenye shida ya figo, mwenye moyo dhaifu, anayevimba miguu: chupa hii si yako, hata kijiko kimoja, mpaka uzungumze na daktari wako. Tangu siku ile naiweka rafu ya juu, nyuma ya bati la biskuti.

Je, hakuna anayehitaji maji ya chumvi? Yuko. Anayetoka jasho kwelikweli saa nyingi, mbeba mawe, mvuvi anayeshinda juani, mkimbiaji. Jasho linatoka na chumvi, mashati ya wavuvi yana zile ramani nyeupe mgongoni mnazijua. Huyo kidogo kwenye maji au chakula kinamfaa. Na anayeharisha. Lakini kwa kuharisha usitumie hii hata siku moja! Dawa yake ni pakiti ya ORS ya zahanati, lita moja ya maji safi, basi. Ukiikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kufuta, visiwe vya mlima. Sukari pale haikuwekwa kwa utamu. Utumbo unaingiza chumvi na sukari kwa mlango mmoja, na maji yanafuata nyuma. Maji ya chumvi matupu hayana wa kuyafungulia mlango huo.

Na kwa kuwa Ramadhani haiko mbali na nyoyo zetu: usinywe hii daku ukidhani itakuzuilia kiu. Mimi kiu ilinishika saa nne na nilikuwa na ruhusa ya kunywa.

Nakipa pointi ngapi? Kama kinywaji, mbili kwa kumi, na hizo mbili ni za rangi, maana ukiinua gilasi kwenye jua la asubuhi... hebu iinue, baba... ni nzuri, siwezi kukataa. Kama chumvi ya mezani, sita. Chenga zake zinakwaruza vizuri, haziyeyuki haraka. Yaliyobaki kwenye mfuko nimeyasaga na pilipili kavu, na kuna embe mbichi ziko ndani ya maji baridi. Kama una kijana mwenye afya na anataka chumvi kidogo kwenye maji yake, chukua ile ya pakiti, chembe za kushika kwa vidole viwili, kamua ndimu, na uipunguze jioni kwenye mchuzi.

Mimi bado ninaamka kukaa pale barazani na gilasi yangu ya maji ya kisima cha... hapana, nisiwadanganye, ya kisima yetu yana munyu hata kabla hujatia kitu. Yale ya mtungi, ya mkokoteni.

Haya baba, lete hizo embe. Zima simu kwanza, mikono yako ina pilipili.