RAM ya GB 32 niliyouziwa Mtwara: uzoefu wangu

“Mama, kwani wewe RAM unaijua?”

Niliulizwa hivyo kuhusu RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, mbele ya wateja wanne, kwenye duka la kompyuta hapa Mtwara mjini, na kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa. Hata usoni hakuniangalia, macho yake yalikuwa kwenye simu. Miezi imepita na nikipita mtaa ule bado moyo unanienda mbio.

Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi. Watu wa kusini mnajua, korosho zikishalipwa, kuanzia Newala mpaka Tandahimba hakuna Jumamosi isiyo na shughuli. Harusi moja inaweza kula GB 100 na ushee. Nilikuwa naziweka kwenye diski za nje, nyingine kabatini, nyingine kwenye mkoba, mpaka siku moja ikanidondoka sakafuni na harusi nzima ya watu ikaenda nayo. Bibi harusi alilia kwenye simu. Mimi nililia baada ya kukata.

Ndipo nikaamua kutengeneza seva ya nyumbani: kompyuta ya mezani iliyotumika, diski mbili za TB 4 zenye nakala ileile ili moja ikifa nyingine ibaki, imechomekwa kwenye ruta, picha zote humo. Programu ni TrueNAS. Ni ya bure, na inatumia ZFS, mfumo unaoweka alama ya uhakiki kwa kila kipande cha data, kisha kikiharibika unakirekebisha kutoka kwenye diski ya pili. Kwa mtu aliyepoteza harusi ya watu, hilo tu lilitosha kunishawishi.

Kompyuta ilikuja na GB 8 za RAM. Maelekezo ya TrueNAS yanataja GB 8 kuwa kima cha chini, na neno “chini” likaninyima usingizi. Nikaenda dukani kuuliza tu: zinanitosha, au niongeze?

Akanijibu kwamba kila TB moja inataka GB moja ya RAM, kwamba bila RAM ya ECC (ile inayosahihisha makosa yake yenyewe) mafaili yangu yataoza, na kwamba niweke 32 au niache, hivi si vitu vya kujaribia. Nikamwambia diski zangu ni mbili lakini zinarudiana, kwa hiyo nafasi yenyewe ni TB 4, mbona 32? Hapo ndipo swali lile likatoka. Wawili kati ya wale wateja wakacheka. Nikatoa pesa. Nasema wazi, nililipa ili kicheko kiishe.

Nyumbani nikachomeka vile vipande viwili vya GB 16. Vikaingia vizuri, vikabana mpaka “ta!”. Nikawasha. Mlio, kiza, mlio, kiza. Nikavitoa, nikafuta miguu yake kwa kitambaa, nikarudisha. Nikajaribu kimoja kimoja. Saa nne za usiku nikampigia mpwa wangu, akaja na tochi, akasoma kibandiko, akaniuliza, “Shangazi, hukuona hii R?”

Hiyo R ndiyo kiini cha maandishi haya, nawaomba muikariri. RAM ya DDR3, yaani ya kizazi cha zamani kidogo, ya kompyuta ya kawaida kibandiko chake huwa na mfano wa PC3-12800U. Ya seva kubwa huishia na R, yaani ina rejista, chipu inayopokea amri kabla ya kuzifikisha kwenye kumbukumbu, na mara nyingi utaona chipu ya ziada katikati ya kipande. Tundu la DDR3 ni lilelile, kwa hiyo inaingia bila kugoma, lakini kompyuta ya kawaida ya ofisini haiwezi kuiwasha. Duka linalouza vitu hivi kila siku lilipaswa kulijua hilo. Nilikuwa nimewatajia aina ya kompyuta yangu!

Na hilo la kuoza kwa mafaili? ECC ni kitu kizuri, inasahihisha makosa madogo ya kumbukumbu, na mwenye uwezo na mashine inayoikubali aiweke. Ila Matthew Ahrens, mmoja wa waliobuni ZFS walipokuwa Sun Microsystems, alishaeleza kwamba ZFS haina jambo la pekee linaloilazimisha ECC kuliko mifumo mingine. Ile kanuni ya GB moja kwa kila TB nayo ni makadirio ya zamani. Kinachokula RAM kweli ni kuiamuru ZFS itafute data zinazojirudia ili izihifadhi mara moja tu. Hapo huwa yanatajwa makadirio ya GB 5 kwa kila TB. Video za harusi hazijirudii. Sikuwasha, na wewe usiwashe.

Nikarudisha zile GB 8, nikaendelea na kazi. Wiki zikapita, seva haikuyumba. Siku moja nikaona kumbukumbu inaonyesha imejaa karibu yote, nikashtuka, nikasema kumbe yule kijana alikuwa sahihi. Hapana. ZFS hutumia RAM iliyo wazi kuweka mafaili yaliyofunguliwa karibuni, na programu nyingine ikihitaji nafasi inaachia.

Kilichonichelewesha kilikuwa ruta. Matundu yake ni ya Mbps 100, sawa na takriban MB 12 kwa sekunde, kwa hiyo GB 100 zilikuwa zinachukua saa mbili na zaidi. Ungeweka hata RAM ya GB 64, ungesubiri palepale. Nikaenda kwa fundi mwingine. Kabla sijamaliza kueleza akaniuliza, “Dada, unahifadhi nini, na mnafungua watu wangapi kwa pamoja?” Akanipa swichi ya gigabiti, kifaa cha kuunganisha kompyuta kwa waya chenye kasi mara kumi ya matundu yale, bei yake sehemu ndogo ya ile RAM, na kazi ya saa mbili ikawa ya dakika kama ishirini. Yule wa kwanza angeniuliza hivyo, yasingetokea haya yote. Pesa ile ningenunua UPS, betri inayoshikilia kompyuta umeme ukikatika, ambayo kwa huku kwetu mtu anaihitaji kabla hata ya kuiwaza RAM.

RAM zao nilizirudisha. Kijana akasema nimeziunguza mwenyewe. Mwenye duka, mtu mzima, akatoka ndani, akasema, “Pole sana dada yangu,” akanibadilishia kwa kipande kimoja cha GB 8, cha U safari hii. Namshukuru kwa ile pole.

Sasa nina GB 16, na sitaki kuwadanganya: kuna tofauti. Folda yenye picha elfu kadhaa nikiifungua mara ya pili inakuja papo hapo, na nimeongeza Jellyfin, programu ya kuonyesha video kutoka kwenye seva, ili wateja watazame video zao wakija hapa, bila seva kulemewa. Kwa hiyo nilitaka kuandika kwamba GB 8 zinatosha, na kwa kuhifadhi tu zinatosha, nimeziona kwa macho yangu. Lakini ukiniuliza leo nitasema weka 16 ukiweza. 32 kwa TB 4 za nyumbani, hapana, na nikifikiria nilivyolazimishwa nazo nataka kufuta hata hiyo sentensi ya 16.

TrueNAS naipa sifa zote. Duka lile silipi sifa yoyote. Tofauti ya bei kati ya GB 32 na GB 8 sijarudishiwa mpaka leo, na risiti ninayo.