Mixtard 30 kwa mbwa mwenye kisukari: tathmini kutoka Kisumu

Mixtard 30, insulini ya mchanganyiko inayotengenezwa na kampuni ya Novo Nordisk kwa ajili ya binadamu, ndiyo anayopewa mara nyingi mfugaji wa mbwa wa Kisumu anapoulizia insulini dukani, kwa sababu ndiyo iliyomo kwenye friji ya muuza dawa. Nimeitumia kwa Simba, mbwa wangu wa ulinzi mwenye uzito wa kilo 28, kwa maelekezo ya daktari wa mifugo, baada ya Caninsulin, insulini ya mifugo tuliyokuwa tukiagiza kutoka Nairobi, kuanza kuchelewa kufika. Kwa maoni yangu ni dawa nzuri kwa mbwa mkubwa anayekula vizuri na kwa saa zisizobadilika, lakini kwa mbwa mdogo, au yule anayenusa sahani na kuondoka, ni dawa ya kuogopwa.

Nguvu yake na hatari yake zinatoka mahali pamoja. Kila mililita ina yuniti 100, ambazo asilimia 30 ni insulini ya kawaida inayoanza kazi ndani ya nusu saa hivi, na asilimia 70 ni ile iitwayo NPH, iliyofungwa kwa protamini, aina ya protini, ili iingie mwilini polepole. Wako mbwa ambao wakipewa NPH peke yake sukari yao hupanda sana mara tu baada ya kula, kwa kuwa dawa haijaamka bado, na hao ndio wanaofaidika na ile theluthi ndogo ya haraka. Shida ni kwamba NPH kwenye mwili wa mbwa huwahi kufika kileleni na mara nyingi haimalizi saa 12, hivyo sehemu hizo mbili huweza kukutana katika saa za mwanzo, sukari ikateremka kwa kasi, kisha ikaanza kupanda tena kabla ya sindano ya jioni.

Wengine husema kwamba hakuna tofauti, kwa kuwa Caninsulin nayo ni mchanganyiko. Ni kweli kwamba Caninsulin, ambayo hutokana na nguruwe na ambayo muundo wake unalingana kabisa na insulini ya mbwa mwenyewe, ina asilimia 35 ya sehemu inayowahi na asilimia 65 ya sehemu inayokawia. Hata hivyo, hiyo sehemu yake inayowahi imeunganishwa na zinki na haikimbii kama insulini ya kawaida iliyomo ndani ya Mixtard. Uwiano wa namba unafanana, mwendo haufanani, na mbwa anayehamishwa kutoka dawa moja hadi nyingine anapaswa kupangiwa dozi upya na daktari badala ya kuendelea na namba ileile.

Jambo ambalo karatasi ya ndani ya pakiti haiwezi kumsaidia mfugaji ni chakula. Binadamu huelekezwa kujidunga takriban nusu saa kabla ya kula, kwa sababu anajua kwamba atakula. Mbwa hatoi ahadi hiyo. Kwetu Simba huwekewa chakula kwanza, saa moja asubuhi na saa moja jioni, na sindano hufuata akishamaliza. Akila nusu au akitapika, tunampigia daktari kabla ya kugusa kichupa. Mbwa wengi wa hapa hulishwa ugali wenye mchuzi wa omena, na sina ugomvi na omena, ila ugali wa leo ukiwa donge kubwa na wa kesho ukiwa makoko ya sufuria, hakuna insulini itakayoelewana na sahani hiyo. Tulilazimika kupima unga na omena kwa kikombe kilekile kila siku, na kuwakataza watoto wa jirani kumrushia mandazi juu ya ua, kazi ambayo ilikuwa ngumu kuliko kudunga sindano. Tangu hapo vipimo vilianza kueleweka: sukari ya damu iliyokuwa ikizidi 20 kwenye kipimo cha mmol (milimoli kwa lita) ilianza kushuka na kukaa kati ya 6 na 13 kwa sehemu kubwa ya siku, na ndoo ya maji aliyokuwa akiimaliza kabla ya adhuhuri ikawa inafika jioni.

Kichupa chenyewe kinadai mkono mtulivu. Kikikaa, sehemu ya NPH hutuama chini kama unga mweupe na juu hubaki maji maangavu, ambayo ndani yake mna insulini ya haraka. Anayevuta dawa bila kuchanganya humpa mbwa sehemu kubwa ya ile ya haraka leo, na kufikia mwisho wa kichupa anampa nzito tupu. Huviringishwa polepole kati ya viganja mpaka rangi iwe ya maziwa kote, bila kutikiswa kwa nguvu. Kukibaki vibonge au chembe zilizoganda kwenye kioo, kichupa hicho kimeharibika.

Joto la Kisumu ni suala jingine. Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 na hakiruhusiwi kuganda, kwa hiyo kisisogezwe karibu na sehemu ya barafu. Kilichofunguliwa kinatakiwa kukaa chini ya nyuzi 25, na alasiri za Mamboleo, mtaa wa hapa Kisumu, mara nyingi huvuka hapo. Stima ikipotea sisi hukitia ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri na kukiweka ndani ya chungu cha udongo chenye unyevu, kivulini.

Kuhusu sindano sina mzaha. Mixtard hutumiwa na sindano za U-100 pekee, yaani zilizopimwa kwa dawa yenye yuniti 100 kwa mililita. Mtu aliyezoea Caninsulin, ambayo ina yuniti 40 kwa mililita, akivuta Mixtard kwa zile sindano zake za zamani mpaka alama ya 8, atakuwa amevuta yuniti 20. Mbwa aliyezidishiwa huyumba, hutetemeka, huweza kupata degedege, na asipowahiwa hufa. Asali hupakwa kwenye ufizi papo hapo, bila kumiminwa kooni, kisha safari ya kwa daktari inaanza. Kwa mbwa wa kilo tano au sita, ambaye yuniti moja tu ni tofauti kubwa, ningetafuta Caninsulin hata kama ni ya kusubiri.

NovoMix 30, insulini nyingine ya mchanganyiko ya binadamu iliyo ndani ya kalamu ya kudungia, singeichagua. Sehemu yake ya haraka huanza kazi mapema kuliko ile ya Mixtard, na kalamu hupanda kwa yuniti nzima nzima.

Imebaki bei. Kichupa cha Mixtard kina mililita 10, yaani yuniti 1,000, na hata ukilinganisha yuniti kwa yuniti ni nafuu kuliko Caninsulin. Lakini kichupa kilichofunguliwa hupewa muda wa wiki 6. Simba hutumia yuniti 8 mara mbili kwa siku, dozi iliyopangwa na daktari kwa ajili yake na isiyofaa kuigwa, na kwa hesabu hiyo karibu theluthi moja ya kichupa humwagwa kila mara muda unapokwisha. Caninsulin huuzwa pia kwenye vichupa vya mililita 2.5, kwa hiyo mwenye mbwa mdogo afanye hesabu hii kabla ya kuvutiwa na bei ya Mixtard.